Hamour Wangu Kwenye Mizani ya Watoto

Naungama mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine. Mimi ni nesi wa watoto hapa Doha, na alfajiri ya juzi, kule Lusail, bahari ikiwa imetulia kama maziwa kwenye bakuli, nilivua hamour mkubwa kuliko samaki wote niliowahi kuvua. Nilimtazama hadi sikujua kama niko macho au ndotoni.

Lakini ndugu zangu wa Homa Bay hawaamini samaki asiyetajiwa kilo zake. Nikaingia naye kliniki kabla ya saa ya kufungua, nikavuta pazia, nikamlaza kwenye mizani ya watoto. Alikuwa anachuruzika maji, basi nikamfunga nepi. Nikampapasa tumbo. "Tulia, baba, tunamaliza sasa hivi."

Namba ziliposimama, raha ikanichukua kabisa. Kwetu kliniki anayepima husoma uzito kwa sauti ili mwenzake aandike, na mdomo wangu umezoea.

"Kilo tano na nusu!"

"Haya, nimeandika," sauti ikajibu nje ya pazia. Kumbe Matroni, mama wa Mombasa asiyecheka ovyo, alikuwa ameshafika. "Mashallah, ana afya. Ananyonya vizuri?"

Sijui ni shetani gani aliyenijibia. "Vizuri sana, Matroni."

"Na mama yake yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Pazia likafunguka. Matroni alisimama pale na kalamu yake, usoni bado ana lile tabasamu analowawekea watoto wachanga tu, macho yakishuka kwenye nepi iliyotokeza mkia.