Vikombe Kumi Vizima

Siku niliyomwona Mama Gaceri mara ya kwanza, alikuwa amepiga magoti nje ya kinu cha mpunga pale Kutus, akichoma maganda ya mpunga juu ya kifuniko cha sufuria. Mimi nilikuwa mpakiaji wa magunia. Wenzangu walimcheka.

"Mama, hayo hata punda hali!"

Hakugeuka. Nikadhani ni maringo. Jivu lilipotoka jeupe, alilisugua kati ya vidole, akaniuliza kama najua kukanyaga udongo. Nikainamisha kichwa kukubali.

"Huyu hana kelele," akawaambia wenzangu kwa sauti iliyofika barabarani. "Nitaenda naye Nyeri."

Alikuwa mjane, mzaliwa wa upande wa Meru, na alitengeneza vikombe vya jiko, yaani ule udongo wa kuchomwa unaokaa ndani ya bati na kubeba makaa. Karakana yake ilikuwa kwenye mteremko, nje kidogo ya mji. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Unachekecha udongo, unachanganya na maganda ya mpunga, unakanyaga mpaka magoti yakuulize una akili gani, unafinyanga, kisha unaanika kivulini wiki mbili kwa sababu ukungu wa huku hauna haraka. Kwenye tanuri, ganda huungua na kuacha vitundu na unga mweupe ambao moto hauuwezi.

Vikombe vikishapoa, Mama Gaceri alikigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole. Kikombe kizima hulia kama kengele ya kanisa la mbali. Chenye ufa hukohoa. Kila kimoja alikuwa amekitia alama ya kidole gumba chake ukingoni kikiwa kibichi; alichokikubali kilienda sokoni na alama hiyo, na alichokikataa alikivunja juu ya jiwe. Soko zima lilijua sikio lake.

Wiki ya tatu niliangusha sufuria nyuma yake. Mbwa wa jirani alikimbia. Yeye hakugeuka.

Kesho yake aliniambia nisimame mbele yake anapogonga, "unikingie jua." Hapakuwa na jua. Lakini kikombe kikikohoa, mimi huona huruma na kutazama chini, na yeye alikuwa ameshalijua hilo. Akigonga ananitazama usoni. Macho yangu yakiwa juu, kikombe kinapona. Yakiwa chini, kinavunjwa. Hatukuwahi kulizungumza. Ikijulikana kwamba sikio hilo halisikii, nani angenunua kikombe chenye kidole chake?

Mwaka mmoja alikuja mtaalamu na mashine, akatueleza saa nzima kwamba ganda la mpunga lina silika, kitu kile kile kilicho kwenye mchanga na kwenye kioo. Mama Gaceri hakuondoa macho kwenye mdomo wake. Mtaalamu alisema hajawahi kupata mwanafunzi msikivu namna hiyo.

Ndipo wakaja akina mama wa chama kimoja cha kanisa. Walitaka vikombe sitini. Vile walivyonunua kwingine vilipasuka githeri, yaani mahindi na maharagwe, ikiwa bado mbichi, kwa hiyo mwenyekiti wao, Ngendo, alitaka kila kimoja kigongwe mbele yao.

"Tumesikia una sikio, Mama Gaceri," alisema. "Leo tumekuja kuliona."

Tulikuwa na vikombe sabini. Wakaketi juu ya makreti, nami nikasimama mahali pangu. Mmoja wao, Tabby, akanipima kutoka juu hadi chini.

"Na huyu ni wa nini? Ni bwana ya mama ama ni nguzo?"

Wakacheka wote. Nikatazama viatu vyangu. Wakati huohuo Mama Gaceri akagonga kikombe cha kwanza. Kililia vizuri kabisa. Akanitazama, akakiinua, akakivunja.

"Haiya! Amevunja!"

"Huyu mama si mchezo!"

Wakapiga makofi. Nilijaribu kuinua macho, nikakutana na ya Tabby, akanikonyeza. Nikarudi kwenye viatu. Kikombe kingine kikavunjwa. Vingine niliwahi kuinua uso, vikapona. Lakini kila kizima kilichovunjwa kilinitia aibu, na aibu ikaniinamisha zaidi.

"Ona vile anaumia," Tabby akasema. "Kama mtu wa matanga."

Vilipovunjika kumi, Ngendo hakuwa anapiga makofi tena. "Vibovu kumi?" akamnong'oneza jirani yake. "Kwani anajua kutengeneza kweli?" Tulibaki na sitini kamili. Mama Gaceri akagonga kinachofuata. Kikalia. Akanitazama, akakiinua.

"Hicho ni kizima!"

Sauti yangu ilinishtua mimi kwanza. Yeye hakuisikia. Aliona tu vichwa vyote vimenigeukia, na mdomo wangu uko wazi. Mkono ukasimama hewani. Akatazama vipande juu ya jiwe, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa.

"Nani amekuuliza?" akanifokea. Kisha akawageukia wageni. "Nilikuwa nangoja nione kama yuko macho. Na hivyo kumi msidhani vilikuwa na ufa. Vilikuwa vizima, lakini havikuniridhisha. Kikombe kisiponiridhisha, siuzi."

"Uuuui!" wakasema kwa pamoja. Wakachukua vyote sitini.

"Kumbe nguzo inaongea," Tabby akaniambia akipita na vyake kichwani.

Walipoondoka, Mama Gaceri aliokota kipande kimoja, akakitazama palipovunjika, akanipa. Tulivisaga vyote tukavichanganya kwenye udongo mpya. Habari zilienea hadi Karatina kwamba yupo mama anayevunja hata vikombe vizima, na wateja wakaanza kukataa kununua mpaka waone kimoja kimevunjwa. Ikabidi tutenge viwili vizuri kwa kila oda, na kazi yangu ikawa kuinama kwa makusudi. Hatukuwahi kuuza kama miaka ile.

Mwaka jana miguu yake ilichoka, na binti yake Gaceri akaja kumchukua ampeleke kwao Nkubu, upande wa Meru, ambako mama alizikwa mwezi wa nane. Siku ya kuondoka aliketi ndani ya gari, kioo kikiwa kimeshushwa. Nilikuwa nimeandaa maneno wiki nzima.

"Mama Gaceri," nikaanza, "mimi nilitaka tu..."

Alinitazama mdomo, akainua kile kidole gumba chake.

"Wewe nawe, Wamae, punguza maneno."