Mto Uliomjua Shangazi Aikande

Nilipokuwa mtoto kule Akheri, matembezi yetu ya likizo yalikuwa kupanda kwa miguu kando ya mto hadi kwenye maporomoko. Bibi alituwekea sharti moja: huko juu mtu asitajwe jina. "Mto ukilisikia, utakuja kukuita." Bibi alikuwa mzee wa kanisa, tena mkali, lakini hilo hakulipeleka kwa mchungaji.

Kuna siku tulikwenda na shangazi Aikande, kitinda mimba wa bibi, ambaye peke yake ndiye alikuwa hajaolewa. Penye utelezi akaserereka kwa makalio hadi mtoni, akang'ang'ania mzizi huku maji yakimvuta sketi. Tukapiga yowe. Ng'ambo akatokea kijana mwongoza watalii, wageni wake nyuma.

"Ni nani huyo?" aliuliza.

Tukatazamana. "Haturuhusiwi kusema!" kaka yangu akajibu.

"Kwani hamumjui?"

"Tunamjua!"

Shangazi uvumilivu ukamwishia. "Mimi ni Aikande!" alifoka kutoka majini. "Unanitoa, au unataka na ubini?"

Akamtoa. Nyumbani tulimwambia bibi kwamba sketi imeloa umande.

Siku chache baadaye, asubuhi, tukichambua maharage, sauti ikapanda kutoka mtoni: "Aikandee!"

Ungo ukamponyoka bibi. Alimsukumia shangazi chumbani, akafunga mlango kwa nje, akashika kitabu cha nyimbo mkono huu na panga mkono huu, akateremka migombani. Sisi nyuma yake.

Alikuwa yule kijana, kavaa shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. "Jina hilo kakupa nani?"

"Nililisikia mtoni, mama."

Bibi akakaa chini palepale, juu ya majani makavu ya migomba. Tulipomrudisha nyumbani, mlango ulikuwa bado umefungwa, ila dirisha lilikuwa wazi na shangazi hayupo.

Harusi ilifanyika usharikani kwetu, na kwa miaka mingi kisa hiki kilituvunja mbavu kila Krismasi. Sasa nina binti mkubwa hapa mjini Arusha, simu yake ikiita anatoka nje kuongea, nami sicheki kama zamani. Nadhani bibi hakuuogopa mto hata kidogo. Alijua tu kwamba siku moja mtu atakuja kumwita mtoto wake wa mwisho, na mtoto ataitika.