Bomba la Watu Wote

Mimi sina mabega. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nawasingizia waliotengeneza vifaa. Mama yangu hakuwa nayo, bibi yangu hakuwa nayo. Ukitutupia khanga begani inateremka yenyewe. Katika maisha ya kawaida hilo halina shida, na wala hakuna aliyewahi kunicheka. Nilikuja kuona shida yake siku nilipokabidhiwa bomba la kunyunyizia dawa ya pamba nikaambiwa nilivae.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko la pamba limefunguliwa. Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu sisi tulijua ni mto tu. Kabla ya hapo pamba ilikuwa ya ushirika: unapeleka, unapimiwa, unasubiri. Halafu wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, na kila mmoja anawabembeleza wakulima kwa namna yake. Kampuni iliyoniajiri mimi ilileta mabomba ya mgongoni, ikatafuta vijana sita waliomaliza kidato cha nne wa kuzunguka vijijini kufundisha unyunyiziaji. Walitaka wanaume. Walipata watano, kwa sababu wanaume wengi wa rika letu walikuwa wamekimbilia machimboni kutafuta dhahabu. Wa sita nikawa mimi, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, nimeachika, sina mtoto, nimerudi kwa mama yangu na sina pa kushika. Kazi ile niliitaka kwa meno yote.

Bosi wetu alikuwa kijana aliyetoka chuo cha kilimo, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Siku ya kugawa vifaa tulipewa overoli, buti, glavu na bomba. Nikauliza kama kuna saizi ndogo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama kuna mvua ya saizi ndogo.

"Hivi ni vifaa vya watu wote," akasema. "Havina mwanamke wala mwanamume."

Akaongeza kwamba niko kwenye majaribio mpaka msimu uishe, na kwamba kuniajiri mwanamke amejibebesha lawama kwa wakubwa wake wa Mwanza, kwa hiyo nikianza kulalamika nitakuwa nimemharibia yeye na wengine watakaokuja nyuma yangu. Nikafunga mdomo. Na watu wanaonijua watakuambia kwamba kufunga mdomo si kipaji changu.

Basi nikavaa. Overoli ilinibana nyonga mpaka zipu ikagoma, na papo hapo ikaning'inia katikati ya miguu karibu na magoti, kwa sababu kiwiliwili chake kilikatwa kwa mtu mrefu. Mikono yake ilinifunika vidole. Kwa kuwa ni kipande kimoja, mtu ukitaka kujisaidia unaivua yote kuanzia shingoni, unabaki nusu uchi katikati ya pamba ya watu, unaomba Mungu asipite mwenye shamba. Wenzangu watano walikuwa na zipu tu, wanamaliza wamesimama. Mimi niliamua kutokunywa maji kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kichwa kilikuwa kinaniuma kila siku, nikasema ni jua.

Buti nilizijaza pamba mbele ili mguu usiogelee. Glavu zilikuwa na ncha tupu kwenye kila kidole, kwa hiyo mdomo wa bomba ukiziba huwezi kuuzibua ukiwa umezivaa. Unazivua, unatumia vidole vyako mwenyewe, unajipangusa kwenye majani. Na kwa kuwa mwanamke kupita kijijini na suruali wakati ule ilikuwa habari ya wiki nzima, juu ya overoli nilifunga khanga kiunoni. Nilionekana kituko, lakini nilijikaza kisabuni.

Kilichonishinda kabisa ni bomba lenyewe. Likijaa, lina uzito wa mtoto wa miaka minne. Mikanda yake ilikuwa na matundu ya kupunguzia, ila hata tundu la mwisho lilikuwa la mtu mwenye mgongo mpana, na mikanda yenyewe imeachana sana. Nikipiga hatua tano inateleza mpaka kwenye viwiko. Bomba linashuka makalioni, linayumba, na kila likiyumba dawa inaruka kwenye kifuniko inanidondokea mgongoni. Nilirudi nyumbani siku ya kwanza mgongo unawaka.

Siku ya tatu, nikiwa peke yangu kwenye shamba la mfano upande wa Sapiwi, nilikasirika. Nikafungua khanga ya kiunoni, nikainama, nikalitupa bomba mgongoni, nikalifunga kwa khanga kama mtoto: juu ya matiti, fundo kifuani, vuta, kaza. Nikasimama. Halikutikisika. Nikapiga mistari ishirini ya pamba bila kusimama, na kifuniko hakikurusha hata tone. Jamani, nilijiona msomi. Mtu mwenye shahada yake alikuwa ametengeneza mikanda isiyofaa, na mimi nimemrekebisha kwa khanga.

Kuanzia hapo ndivyo nilivyofundisha. Waliokuwa wanakuja kwenye mafunzo ni wanawake wengi kuliko wanaume, maana waume wako machimboni au wako na ng'ombe, na dawa haisubiri. Waliponiona nimebeba bomba vile walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mmoja akaniuliza baba wa mtoto huyo ni nani. Nikamwambia ni kampuni. Wakajaribu wenyewe, na hakuna aliyehitaji kuelekezwa mara mbili, kwa sababu mgongo wa mwanamke wa kwetu unaanza kubeba wadogo zake kabla hajaanza shule. Bosi alipokuja kukagua akakuta vijiji vyangu vina wanyunyiziaji wengi kuliko vya wanaume. Hakuniuliza siri yake. Alinisifu mbele ya wenzangu, nikavimba kichwa.

Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, kijiji kimoja si mbali na Dutwa. Kaka alikuwa machimboni tangu palizi ya kwanza. Wifi alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minane, mnene, mcheshi, ukimwita jina anageuza kichwa kabla ya mwili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mimi nilimpenda kwa hilo, nafasi yote ya kusema ananiachia mimi.

Mimi nilikuwa nimetenga khanga moja kuukuu ya kazi. Nikirudi jioni naifua pembeni, naianika kwenye uzio wa minyaa mbali na nguo nyingine. Hilo sikulifundisha. Si kwamba nilisahau. Niliona ni jambo ambalo mtu mwenye akili hahitaji kuambiwa.

Asubuhi moja nilifika kwa wifi na baiskeli ya kampuni, ya kiume, ile yenye chuma cha katikati. Nilikuwa sijaanza kazi. Nikamkuta uani, majirani wawili wamemzunguka, mtoto yuko mgongoni. Nilisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, hakuna aliyeitikia vizuri. Majirani wakasema mtoto amebadilika tangu alfajiri, amelegea, ni degedege, kuna mzee wa dawa za kienyeji wa kumpelekea. Nikamsogelea nimwone. Mate yanamtoka hayakauki. Anapumua kwa kukoroma. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje za uwele. Shavu lake lilikuwa limelalia khanga, na kona ya khanga alikuwa ameinyonya mpaka imelowa.

Nikasikia harufu. Ile harufu naijua mpaka leo, ukinifumba macho nitakuambia.

Sasa hapa niseme ukweli, maana ndio ulionifanya niandike. Nilijua pale pale. Na sikusema. Nilichosema ni kwamba tuwahi zahanati, tusiende kwa mzee. Wifi akapanda nyuma ya baiskeli, mtoto kamfunga mgongoni na khanga ileile, nikaanza kukanyaga. Njia yote nilikuwa napanga maneno. Nikisema ni dawa, wataniuliza imefikaje. Nikisema imefikaje, wataniuliza nani alifundisha. Nikisema mimi, kazi imekwenda, na hakuna mwanamke mwingine atakayepewa. Nilikuwa najiambia kwamba mganga wa zahanati ataona mwenyewe, kazi yake si hiyo? Nilipanga hivyo kwa mwendo wa maili nzima, huku mtoto wa kaka yangu anavuta ile sumu puani.

Kisha nikasikia mkoromo nyuma yangu umekatika, ukarudi, ukakatika tena. Nikasimamisha baiskeli karibu tuanguke.

"Fungua hiyo khanga," nikamwambia. "Ni dawa ya pamba. Imo kwenye khanga. Itupe."

Wifi akapeleka mikono kwenye fundo. Akafungua. Nikamvua mtoto nguo zote, nikafungua khanga yangu safi ya kiunoni tukamfunga nayo, na ile yake nikaiviringisha nikaifunga nyuma ya baiskeli ili mganga aione. Nikaendelea kukanyaga na overoli tupu, watu wa barabarani wananishangaa mapaja, na kwa mara ya kwanza sikujali.

Pale zahanati mganga aliinusa khanga mara moja tu. Akaagiza mtoto aoshwe kwa sabuni mwili mzima, kichwa, mikunjo yote, na mama yake pia aoge abadili nguo. Akamchoma sindano, akasubiri, akamchoma nyingine. Ile khanga akaamuru ifukiwe shimoni nyuma ya jengo. Alipoelezwa dawa imefikaje humo, akageuka kwa wifi kwa ukali, akamuuliza ni nani aliyemwambia afunge bomba na kitambaa cha mtoto.

Wifi alinyamaza. Alikuwa tayari kunyamaza mpaka jioni, nilimwona.

"Ni mimi," nikasema. "Nimewafundisha wote. Mikanda haitushiki."

Mganga aliniangalia kuanzia buti mpaka kichwani. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema tu kwamba bomba linavuja chini na kwenye kifuniko kidogo kidogo, na kitambaa kinakunywa kila tone, na mimi nilipodhani nimelizuia nilikuwa nalikusanya. Nikakaa kwenye benchi nikalia mbele za watu.

Mtoto alilala siku mbili. Siku ya tatu akashika titi. Niliposikia anafyonza, nilitoka nje nikashika ukuta.

Ofisini Bariadi bosi alitaka niandike taarifa kwamba mkulima hakufuata maelekezo. Nikamwambia maelekezo aliyafuata sana, ndiyo shida yenyewe. Nikavaa bomba mbele yake, nikatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye meza yake, mikanda ikaniangukia viwikoni kabla sijafika. Nikavua, nikavaa tena, nikarudia. Mara ya tatu akasema basi. Nilitegemea anifukuze. Hakunifukuza, nadhani kwa sababu msimu ulikuwa katikati na hakuwa na mtu wa kunirithi. Kesho yake akamwita fundi viatu aliyekuwa anakaa nje ya geti letu.

Fundi aliligeuza bomba, akaniambia nisimame wima, akanipima kwa macho. Akachoma matundu manne zaidi kwenye kila mkanda kwa msumari wa moto. Halafu akashona kipande cha mpira wa tairi kinachounganisha mikanda miwili juu ya kifua, isiachane. Nikajaza maji nikavaa. Nikaruka. Lilikaa. Fundi akauliza, kumbe ni hili tu? Mabomba ya vijiji vyangu vyote akamaliza kuyarekebisha kwa siku nne.

La wifi nilimpelekea mwenyewe. Nilizunguka kwanza vijiji vingine nikiwatangazia wanawake waache kufunga bomba kwa khanga, nikiwaambia kisa chote na nani alikosea, kwa hiyo nilipofika kwake nilijiona nimeshalipa. Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka, anapiga sufuria na kijiko. Nikamvalisha wifi bomba, nikamkazia kifuani, nikamwonyesha lisivyoyumba. Akazunguka uani. Akasema linafaa. Nikafurahi, na nikifurahi mdomo unanitangulia.

"Lakini wifi," nikasema, "siku ile kwa nini hukumbeba mtoto kwa khanga nyingine?"

Akavua bomba akaliweka chini taratibu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alinitazama kama mtu anayejaribu kwa nia njema kuelewa swali.

"Ipi?" akaniuliza.

Maisha yake yote ya ndoa alikuwa na doti moja. Kipande kimoja alikuwa amejifunga, amesimama nacho mbele yangu. Cha pili kilikuwa shimoni, nyuma ya zahanati.