Kobe wa Ongeri na Dawa ya Mende

Ongeri huchonga kobe wa mawe ya sabuni katika kijiji cha Tabaka. Mfano anaoutazama ni kobe wake wa kweli, anayeitwa Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kuharakisha jambo lolote. Kazi nyingine ya Mwenyekiti ni kula mende jikoni.

Ijumaa moja mkewe, Loice, alinunua dawa ya mende. Wageni wa Sabato, mchungaji akiwemo, walikuwa wanakuja, na nyumba ilitakiwa iwe safi kabla jua halijatua na Sabato kuanza.

"Mama Nyanchama, Mwenyekiti akila mende mwenye sumu, na yeye amekwenda!" Ongeri akamlalamikia mkewe.

"Basi mtoe! Ama unataka mchungaji ashiriki sahani na mende?"

Ongeri akambeba mpaka karakana, akamweka mahali pa usalama, katikati ya kobe arobaini wa mawe waliongoja kupakiwa. Kisha akaendelea kupiga msasa. Kufikia saa tisa, vumbi lilikuwa limewafanya wote weupe.

Mama mmoja anayeuza vinyago ng'ambo akafika, akaanza kuwafunga mmoja mmoja kwa majani makavu ya migomba. Akasita.

"Mzee, huyu hana kichwa. Nipe mwingine."

Ongeri akadondosha msasa. "Ngoja kidogo, mama. Kitatoka."

Kikatoka.

Ongeri alimbeba Mwenyekiti mbio hadi nyumbani, dawa ikiwa bado haijafunguliwa, akamwambia Loice achague kati ya chupa ya dawa na mume. Loice alifikiria muda mrefu kuliko Ongeri alivyotarajia.

Siku hizi Loice anaua mende kwa ndala. Mchungaji akija kula, humkuta mama mwenye nyumba amevaa ndala moja tu, na haulizi.