Maziwa ya Mama Pumzi

Getrude hanywi maziwa. Ukimtembelea kwake Likawage utapewa chai ya rangi, na ukiulizia ya maziwa atacheka: "Mimi na ng'ombe hatuelewani." Uongo mtupu. Miaka sita iliyopita kaka yake, Nikodemo, alimeza vidonge vikali vya maumivu, vile ambavyo vibarua wa ufuta humeza ili wakate kutwa bila kuchoka. Akalala, akakoroma, asiamke. Watu wakasema amekula sumu, na sumu dawa yake maziwa. Getrude ndiye aliyekimbia kwa wafugaji kuyatafuta, na ndiye aliyemnywesha. Yakaingia mapafuni. Siku ya tatu wakazika.

Mwingine angejifungia ndani. Huyu alikwenda kuomba mafunzo ya uhudumu wa afya, na tangu hapo kila mavuno huzunguka mashambani akionya: aliyezidiwa na vidonge haamki, anasahau kupumua, msimnyweshe kitu. Vibarua wakamwita Mama Pumzi. Boniface, mtoto wa jirani yake Angela, alikuwa akimwigiza sauti mpaka wenzake wanashika mbavu. Asiyesikia la mkuu, mwajua wenyewe.

Mwaka huu wakamkuta Boniface chini ya matita ya ufuta, midomo imepiga weusi, povu puani. Getrude alipofika, Angela alishachuchumaa na kikombe cha maziwa.

"Nipe mimi, Mama Boni."

Angela akampa, akijua atamnywesha. Getrude akayagugumia yote mpaka tone la mwisho.

"Umeniulia mwanangu!" Angela akapiga yowe.

Getrude alimfuta kijana povu, akamlaza chali, akamwinua kidevu, akawa anampulizia pumzi mdomoni kwa kuhesabu. Gari la kubebea ufuta lilipokuja akapanda naye, akapuliza njia nzima, mashimo na vumbi lake. Mwanamke wa shoka, nasema bila kupepesa macho.

Daktari alieleza kwamba vidonge vilikaribia kuikata pumzi, na mapafu yalishaanza kujaa maji. Boniface alikaa kwenye oksijeni siku tisa, akarudi kwa miguu yake.

Angela akaja kushukuru, kisha akauliza, "Mbona hukuyamwaga tu, dada?"

Getrude aliinamisha uso. "Niliuogopa mkono wangu, Mama Boni. Nilipomwona vile, nilitaka kumnywesha."