Aliye Juu ya Baiskeli Haambiwi

Tulimwita Taratibu. Jina lake la kweli alilitumia mama yake peke yake, tena pale tu alipokuwa amemkasirikia. Alikuwa msambaza mikate. Tangu ujana wake alipakia kreti mbili kwenye keria ya baiskeli, akazikaza kwa mpira, na watu walipoanza kupiga mswaki yeye alikuwa ameshazunguka maduka yote ya upande wa juu. Hakuwa na haraka. Wenzake walimpita wakimpigia kengele, wakimtania kwamba mkate wake huota ukungu njiani. Alicheka tu, akasema mwenda pole hajikwai. Mimi nauza chai mbele ya lango la kiwanda cha mkate, na katika miaka yote hiyo sijaona kreti yake ikianguka. Anayebisha aje anywe chai nimweleze.

Ndoa ilimshinda mapema, akarudi kuishi na mama yake na dada yake mkubwa katika vyumba viwili nyuma ya duka la fundi viatu. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na hapo ndipo alipomshonea mwanawe kaptura za mashindano ya baiskeli, akizitia sponji mara mbili sehemu ya kukalia. Alikuwa akimwambia mbele ya wateja, "Hilo kalio silo la chuma, mimi ndiye niliyelizaa." Wateja walicheka, na Taratibu, mtu mzima mwenye mvi, alitazama chini kama mtoto wa shule.

Mashindano yenyewe ni ya wendawazimu, nasema wazi. Ni kilomita mia mbili, kutoka mjini kwetu hadi mji ulio ng'ambo ya milima, alfajiri mpaka jioni, na kila mwaka hufanyika katikati ya msimu wa mvua kana kwamba aliyepanga ana chuki na watu. Wasambazaji wa kiwanda hushiriki kama timu. Msimamizi wao hutangulia na gari la mkate, akiwasubiri kwenye kila kituo na maji, ndizi na simu zao, maana simu mfukoni hazistahimili mvua ile. Taratibu hakuwahi kushinda. Alichotaka ni kufika, na kila mwaka alifika.

Mwaka ule mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo. Alikuwa amelala kwa miezi, amevimba miguu, akihesabiwa vidonge na binti yake. Taratibu alishasema haendi. Lakini wiki ile mama akapata nafuu, akaketi, akaomba uji, akaanza tena kugomba. Alimwambia mwanawe amechoka kumwona amekaa mlangoni kama askari, aende akapande milima yake, arudi amsimulie. Naye akaenda, ila alimsihi dada yake: mama akibadilika, apigiwe msimamizi mara moja. Alitaka kuwapo. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa akikiomba, na mtaa mzima tulikijua: mama asije akaondoka yeye akiwa hayupo.

Mvua ilianza kabla hawajatoka mjini. Alinisimulia baadaye kwamba hakuiona barabara, aliona tu tairi la mwenzake wa mbele likimrushia matope mdomoni. Breki zililia. Vidole vilikufa ganzi mpaka akawa anabadilisha gia kwa kiganja. Alipanda mlima wa kwanza, ule mrefu wenye kona zinazofuatana, akiimba kimoyomoyo na kumtukana aliyevumbua baiskeli.

Kileleni ndipo palipokuwa na kituo cha kwanza, na kabla hajafika, simu ya msimamizi ililia. Dada alikuwa analia pia. Mama amebadilika, anamuuliza mwanawe, mwambieni arudi.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo wageni hawalijui. Wasambazaji wale wana kanuni moja, haikuandikwa popote na haijawahi kuvunjwa: aliye juu ya baiskeli haambiwi msiba wala ugonjwa. Ilitokana na mwenzao mmoja waliyemwita Filimbi. Siku moja ya mvua, mpita njia alimwambia pale njiapanda kwamba mtoto wake amezidiwa. Filimbi akageuza, akakanyaga pedali kama kichaa, akaingia chini ya lori. Mtoto alipona jioni ileile. Aliyeikokota baiskeli ya Filimbi hadi kwa mjane ni Taratibu, na aliyewakusanya wenzake kesho yake na kuwaapisha ni Taratibu huyohuyo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Basi msimamizi alisimama pale kileleni na simu mkononi, akamwona Taratibu akija, ameloa chapachapa. Gari lilikuwa limebeba chakula cha timu nzima na wengine walikuwa bado hawajapita. Alijua kwamba akimwambia, hatasubiri gari. Atageuza na kuteremka mwenyewe kwenye zile kona, huku machozi na mvua vikimziba macho. Akajipa moyo kwamba mama huyu amezidiwa mara ngapi akainuka. Taratibu alipouliza habari za nyumbani, akajibiwa nyumbani kuzuri, ale ndizi.

Akala ndizi, akaondoka. Kila alipokanyaga alizidi kumwacha mama yake nyuma.

Alipofika kituo cha pili, mama alikuwa ameshafariki. Timu nzima ilishajua, na ikamezea. Walimmiminia maji, wakamsifu, mmoja akampangusa matope usoni kwa shati lake mwenyewe. Yeye alishangaa tu kwamba siku ile hakuna aliyemtania. Alidhani ni uchovu.

Alifika jioni, wa mwisho katika timu, mvua ikiendelea. Watu wachache waliobaki walipiga makofi. Msimamizi akamfuata, akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Shuka kwanza, Taratibu."

Hapo akaelewa. Nani angeelewa kuliko yeye? Basi hakushuka. Alitua mguu mmoja kwenye tope, kalio likabaki kwenye kiti, akashikilia usukani huku akitazama mbele. Kanuni ni kanuni: maadamu yuko juu ya baiskeli, hakuna awezaye kumwambia, na maadamu hajaambiwa, mama yu hai. Wenzake walimzunguka. Hakuna aliyemharakisha. Msimamizi alikuwa akilia waziwazi, na Taratibu akamwomba kwa upole asilie, kwa kuwa hajasema kitu bado. Alikaa hivyo mpaka miguu ikaanza kutetemeka kwa baridi na kushindwa kumbeba. Ndipo akashuka.

Nyumbani alimkuta dada yake amekaa kitandani kwa mama. Aliuliza swali moja tu, kama mama alimuuliza. Dada alikuwa amechoka na watu wanaoficha mambo. Alimwambia kweli: alimuuliza asubuhi, akamuuliza mchana, na mwisho akawa anamwita kwa lile jina lake la kweli, na safari hii hakuwa amekasirika.

Baada ya mazishi hakumlaumu mtu. Alirudi kazini, akapakia kreti zake, ila alizidi kuwa mzito wa mwendo hadi wateja wakaanza kulalamika. Alikonda. Chai yangu aliiacha inapoa, nami nikawa namwekea nyingine bila kumwambia. Iliniuma kumwona, sitaficha.

Siku moja wasambazaji walikuja kunywa chai wakiwa wote pamoja, kofia mikononi, na msimamizi akasema wameamua kuifuta ile kanuni. Imeshaua furaha ya mtu, alisema, haina faida tena. Wakamgeukia Taratibu wakidhani atashukuru.

Mvua nyepesi ilikuwa ikigonga mabati ya kibanda changu.

"Msiifute," alisema. "Mngeniambia pale kileleni, ningegeuza. Nisingesubiri gari. Ningeteremka kwenye zile kona bila kushika breki, na hata ile ya pili nisingeivuka. Mliniokoa, najua."

Msimamizi akashusha pumzi, akamshika bega. Nikadhani yamekwisha, nikachukua birika niwaongezee.

"Lakini ningekuwa naenda kwake," alisema Taratibu.