Mwanaidi na Shimo la Mchungwa wa Tatu

Jamani, sijaamini hadi sasa. Jana alasiri tumemzika Mwanaidi, na leo asubuhi nimemtumia meseji: "Umeshafika ofisini?" Mazoea haya!

Kwa msiomjua, ni programmer mwenzangu hapa Tanga, mtoto wa Chumbageni, mbishi na mdadisi kupita kiasi. Homa ya siku nne tu, basi.

Yeye ndiye aliyenifundisha Lua, lugha ya kuandikia programu. Nilimwonyesha jedwali langu la kwanza kwa maringo, akauliza, "Lina safu ngapi? Na kila safu ina nafasi ngapi?" Nikapima safu ya kwanza, nikajibu nne.

"Na zile nyingine umezipima?"

Wapi! Ya pili ilikuwa na saba. Alicheka mpaka chai ikammwagikia.

Halafu ile demo ya Muheza, siku ya kuonyesha kazi yetu! Tulitengeneza script, programu fupi, ya ramani za mashamba ya michungwa. Kila safu ya miti ilikuwa safu moja ya jedwali, na penye mti uliokufa tuliacha patupu. Tukampelekea mzee mmoja mwenye shamba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu."

Tukabonyeza. Safu ya kwanza: miti miwili. Babu akatazama shamba lake, akatazama laptop. "Mimi naona kumi na mmoja. Hii yenu imechoka kutembea?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe mchungwa wa tatu ulikuwa umekufa, na hesabu ilipofika penye patupu ikaishia hapo.

Mwana, ndivyo nilivyomwita Mwanaidi, wala hakuona haya. "Babu, wewe unahesabuje?"

"Mti ukifa sifuti namba yake. Shimo la tatu ni la tatu mpaka nipande mwingine. Safu hii ina mashimo kumi na mawili."

"Babu, umetuondolea bug, lile kosa letu!" Palepale, amekalia kreti la machungwa, akaandika neno "shimo" kila penye patupu. Ikatoka kumi na mbili. Tulirudi na mfuko mzima wa machungwa.

Leo bosi kaniambia, kwa upole, nifute jina la Mwana kwenye jedwali la timu. Yuko safu ya tatu, chini yangu. Nimeshindwa. Nimelia mbele ya watu. Nikamsimulia bosi habari za yule babu, akasema, "Basi liache."

Mwana, shoga yangu, timu bado ina safu tano. Na lile swali lako la Jumatatu, jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali, utajuaje limeishia wapi? Sijalijibu. Leo nimelifungua tena, peke yangu.

Mola akupokee. Lala salama, wa tatu wetu.